Hoteli Iliyoshikana na Stesheni: Nimlaze Wapi Mzee Kabla ya Treni ya Leeds?

SWALI: Mwezi wa Julai, Mungu akipenda, tunakwenda Uingereza kwa mahafali ya mdogo wangu katika Chuo Kikuu cha Leeds. Tutakuwa watatu: mimi, mama, na baba ambaye ana miaka 76 na goti lisilotaka ngazi. Tutatua Heathrow, tulale London siku tatu, twende Leeds kwa treni tulale huko siku mbili, kisha turudi London usiku mmoja kabla ya ndege. Shemeji anasisitiza tuchukue hoteli ya kifahari iliyoshikana na stesheni ili tusihangaike na teksi na masanduku. Nimetazama ya St. Pancras, ya Paddington na ya Victoria. Zote zinadai zimeshikana na stesheni, na bei zake zinatisha. Nichukue ipi? Na kweli pesa hiyo inafaa? (Msomaji wa Milimani, Kisumu)

JIBU: Dada, nitangulize jibu lenyewe, sababu zitafuata. London, laleni upande wa King's Cross. Chukueni Great Northern Hotel mkipata chumba cha aina nitakayokueleza, au ile ya St. Pancras kama unataka wazee wajue wamefika. Leeds, laleni The Queens. Paddington na Victoria zifute kwenye orodha leo hii. Shemeji yako hakukosea, ila amekuachia kazi nusu: kabla ya kuuliza kama hoteli imeshikana na stesheni, uliza kama hiyo ndiyo stesheni ya treni yenu.

Sisi huku tumezoea mji mmoja, stesheni moja. Ukimwambia mtu wa bodaboda wa Kisumu akupeleke stesheni, hakuulizi ipi. London ina stesheni kuu zaidi ya kumi, na kila moja imeelekea upande wake wa nchi, kwa kuwa katika karne ya 19 zilijengwa na kampuni za reli zilizokuwa zikishindana na hazikutaka kuchangia hata ukuta. Treni za Leeds, York, Newcastle na Edinburgh huondokea King's Cross. Za Sheffield na Nottingham huondokea St. Pancras, na pia zile za Eurostar ziendazo Paris. Ukienda Manchester au Birmingham, kwa kawaida utapandia Euston; ukienda Bristol au Cardiff, Paddington; na ukienda Brighton, Victoria. Kampuni hizo pia zilijenga hoteli karibu kila moja kwenye stesheni yake ili abiria tajiri asilale kwa jirani. Ndiyo maana zote ulizoziona zinasema zimeshikana na stesheni, na zote zinasema kweli.

Hebu ichukue Paddington. Hoteli yake, Hilton ya leo, imesimama pale tangu 1854, na unaweza kutoka ndani ya stesheni ukaingia hotelini bila kukanyaga barabara. Treni ya haraka ya Heathrow Express inaishia papo hapo. Mtu yeyote akitazama ramani ataona ndiyo dawa ya safari yenu. Lakini asubuhi ya kwenda Leeds mtalazimika kuvuka mji na masanduku hadi King's Cross, kwa treni ya chini ya ardhi iliyojaa watu wanaokwenda kazini, au kwa teksi ileile mliyokuwa mnaikimbia. Victoria ni vivyo hivyo: hoteli nzuri ya miaka ya 1860, yenye mlango wa kuingilia kutoka stesheni, ila imeelekea kusini na ninyi mnakwenda kaskazini.

Neno "imeshikana" lenyewe lina daraja zake. Wewe wa Kisumu unaijua daraja ya juu kabisa: pale bandarini reli inaingia ndani ya MV Uhuru, behewa linapanda meli bila mzigo kushushwa. Hoteli chache duniani zinakaribia hapo. Granvia ya Kyoto iko ndani ya jengo la stesheni lenyewe. Daraja ya pili ni hoteli iliyopakana na stesheni ukuta kwa ukuta, ikiwa na mlango wa pembeni. Ya tatu ni ile iliyo ng'ambo ya barabara lakini ina njia ya chini kwa chini, kama Fairmont Royal York ya Toronto, iliyofunguliwa 1929 mkabala na Union Station. Ya nne ni ya matangazo tu, "dakika tatu kwa miguu", dakika za kijana asiye na sanduku.

Na hata daraja ya juu ina hila zake. Tokyo Station Hotel imo ndani ya jengo maarufu la matofali mekundu la 1914, huwezi kuwa stesheni kuliko hapo. Lakini jengo hilo liko upande wa Marunouchi, na treni za kasi za Shinkansen ziko upande wa pili wa stesheni, Yaesu. Kati yako na treni pana umati wa watu ambao kijana hauoni, lakini mzee mwenye goti anauhesabu hatua kwa hatua. Nawatajia haya wale wanaokwenda Japani, maana swali lao huwa hilihili.

Turudi London. Uzuri wa eneo lenu ni kwamba King's Cross na St. Pancras ni majirani, zimetenganishwa na barabara moja, Pancras Road. Kwa hiyo hoteli zote mbili ninazokutajia zinafaa treni ya Leeds, kila moja kwa namna yake.

Great Northern Hotel imesimama katikati ya stesheni hizo mbili. Aliyeichora ni Lewis Cubitt, ndiye aliyechora na King's Cross; ilifunguliwa 1854, ikaja kukarabatiwa na kufunguliwa tena 2013. Iko bega kwa bega na ukumbi mpya wa King's Cross, ule wenye paa la vyuma lililotanda kama mwamvuli, na ukitoka hotelini unakuwa tayari umefika mbele ya ubao wa treni. Kwa safari ya Leeds, London nzima sijui hoteli iliyo karibu zaidi na jukwaa. Ni ndogo, haina makuu, wahudumu wanakufahamu sura upesi.

Lakini soma aina ya chumba kabla ya kulipa! Vyumba vyake vya bei ya chini kabisa vinaitwa Couchette, na vimetengenezwa kwa kuiga behewa la kulala: kitanda kimebanwa kati ya kuta, mmoja analala ndani kabisa na hawezi kushuka usiku bila kumruka mwenzake. Wachumba wakifika wanacheka, wanapiga picha. Baba wa miaka 76 anayeamka kwenda haja saa tisa usiku hatacheka, wala mama. Chukua aina iliyo juu yake, na uandike waziwazi kwamba kitanda kiwe kinafikika pande zote mbili. Jengo hilo limepinda kama upinde, kwa hiyo vyumba havilingani umbo. Usikubali picha moja ya mtandaoni iwakilishe vyote.

Hoteli ya St. Pancras ni habari nyingine kabisa. Ni lile jumba la matofali mekundu lenye minara, la George Gilbert Scott, lililofunguliwa 1873 kwa jina la Midland Grand. Lilifungwa 1935 kwa sababu ambayo mgeni wa leo haiamini: hoteli ya fahari namna ile haikuwa na bafu ndani ya vyumba, na kuyaweka ilikuwa gharama kubwa. Likageuzwa ofisi za reli, nusura libomolewe miaka ya 1960, mpaka 2011 likarudi kuwa hoteli. Ngazi yake kuu inayogawanyika pande mbili ni kitu cha kuonyesha wajukuu, na msihofu, lifti zipo. Baa yake iko katika chumba kilichokuwa ofisi ya kukatia tiketi.

Kuna jambo moja ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti. Hoteli hiyo ina sehemu mbili: vyumba vya jengo la kale, vyenye dari ndefu na madirisha ya kanisa, na vyumba vya jengo lililoongezwa pembeni, liitwalo Barlow. Hivi vya pili ni safi na vya kisasa, lakini ukilala humo umelala katika chumba kama cha hoteli yoyote nzuri, umelipia historia ya mlango wa mbele. Kama unachukua St. Pancras kwa ajili ya fahari, chukua jengo la kale na uombe upande usiotazama Euston Road, maana kelele za mahali pale ni za magari kuliko za treni. Kama fahari si hoja, Great Northern inakufaa zaidi.

Sasa swali lako la pesa, ambalo ndilo gumu. Julai chumba St. Pancras mara nyingi huvuka paundi 300 kwa usiku, na ninyi mnahitaji viwili. Mimi hupima hivi: mlango wa kuingilia stesheni una thamani siku ile tu mnayobeba masanduku kwenda kupanda treni. Siku nyingine unalipia ukuta. Ninyi siku hizo ni mbili, asubuhi ya kwenda Leeds na jioni ya kurudi. Kijana ningemwambia alale kwingine siku mbili za mwanzo, ahamie stesheni usiku wa mwisho. Kwa wazee sikushauri. Kufunga na kufungua masanduku mara moja zaidi kutawachosha kuliko teksi, na baba akishajua swichi ya taa ya msalani iko wapi, mwache apumzike hapo.

Pesa zikikaza, usishuke hadi chumba cha Couchette ili tu ubaki mlangoni. Toka nje kidogo: Pullman ya Euston Road ni hoteli ya daraja la juu, iko mwendo mfupi wa bapa kutoka St. Pancras, na Premier Inn zipo kadhaa hapohapo kwa bei ya chini zaidi. Teksi nyeusi za London zote zina nafasi ya kiti cha magurudumu, na safari fupi namna hiyo haifilisi mtu. Tofauti ya bei ya siku tatu kwa vyumba viwili inaweza kuwalipia wote tiketi za daraja la kwanza hadi Leeds, ambako chakula kinaletwa kitini. Mimi ningelifikiria hilo kwa uzito.

Siku ya kufika, stesheni isikutawale mawazo. Ni kweli treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly inatoka Heathrow moja kwa moja hadi King's Cross kwa muda wa saa moja hivi, hakuna kubadilisha, na lifti zipo pande zote mbili. Kwa paundi chache kila mtu, inavutia. Lakini mabehewa yake ni membamba, dari ni la chini, hayana mahali pa kuweka masanduku makubwa, na mkifika jioni mtawakuta watu wa ofisini wamesongamana. Ninyi mtakuwa mmetoka Kisumu, mkabadilisha ndege Nairobi, mkakaa angani zaidi ya saa nane. Siku hiyo agizeni gari, mlipe. Mkiamua treni hata hivyo, kila mmoja awe na kadi yake ya benki ya kugusisha getini. Kadi moja haipitishi watu watatu.

Kabla ya kulipa chochote, iandikie hoteli barua pepe. Usipige simu, unataka jibu lililoandikwa. Waulize kutoka mlango wa chumba hadi ukumbi wa stesheni kuna ngazi ngapi na lifti ngapi, na mlango wa upande wa stesheni hufungwa saa ngapi. Milango hiyo ya pembeni huweza kufungwa usiku, na wageni wakajikuta wanazunguka jengo zima na mizigo. Uliza kama bafu ni la shawa ya kuingia wima au ni beseni la kuogea lenye ukingo mrefu. Goti lisilotaka ngazi halitaki ukingo wa beseni pia, na ajali za wazee hotelini hutokea huko kuliko barabarani. Omba chumba karibu na lifti, na kama kuna vyumba viwili vyenye mlango wa ndani, uvitake. Uliza pia kama kiyoyozi kinafanya kazi Julai. Watu wa huku hawaamini joto la London mpaka liwakute. Mwisho, kumbuka kwao "double" ni kitanda kimoja na "twin" ni viwili. Wazee wengi wa kwetu baada ya miaka 50 ya ndoa wana msimamo thabiti kuhusu hilo, muulize mama faraghani.

Kuhusu malipo, nawaona watu wanaumia hapa. Usichukue bei isiyorejeshwa kabla visa zenu zote tatu hazijatoka, hata ikiwa nafuu kiasi gani. Ombi la mmoja likichelewa, mmepoteza vyote. Chukua bei inayoruhusu kufuta. Kadi ya M-PESA GlobalPay inakusaidia kulipa mtandaoni, lakini haina umbo la kushika mkononi, na mapokezi watataka kadi halisi ili wazuie dhamana ya matumizi ya chumbani. Kwa kadi ya kawaida ya benki fedha hizo hushikiliwa, na huchukua siku kadhaa kurudi baada ya kuondoka. Kwa hiyo weka akiba zaidi ya gharama ya chumba, na uiarifu benki yako kabla ya safari. Bei ya chumba Uingereza kwa kawaida huwa na kodi ndani yake. Mezani ndipo penye nyongeza: mikahawa mingi huongeza ada ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, na una haki ya kuomba iondolewe.

Tiketi za treni za bei nafuu hutolewa takriban wiki 12 kabla ya safari na hupanda kadiri siku zinavyosogea. Baba na mama kila mmoja anaweza kununua kadi ya punguzo ya wazee, ya watu wa miaka 60 na zaidi. Pasipoti inatosha kuthibitisha umri, uraia hauulizwi, na inapunguza theluthi moja. Muhimu kuliko hiyo ni huduma iitwayo Passenger Assist, ambayo ni ya bure. Mkiiomba mapema, mhudumu atamchukua baba stesheni kwa kiti cha magurudumu hadi kitini kwake ndani ya behewa, na mwenzake ampokee Leeds. Wazee wetu huikataa kwa heshima, "mimi si mgonjwa". Mwombe kwa hekima. Namba ya jukwaa hutangazwa dakika chache tu kabla ya treni kuondoka, watu wote hukimbia kwa mkupuo, na milango hufungwa kabla ya saa yenyewe kutimia. Kwa mtu wa goti, msaada huo una faida kuliko hoteli yoyote niliyoitaja humu.

Leeds haina mjadala mrefu. The Queens ilijengwa na kampuni ya reli ya LMS na kufunguliwa 1937, jengo jeupe linalotazama City Square, na stesheni iko mgongoni pake. Bei yake kwa kawaida ni ya chini sana kuliko ya London kwa chumba kipana zaidi. Ila wiki ya mahafali hujaa, maana mji una vyuo vikuu zaidi ya kimoja na wazazi wote wana wazo moja. Ibuku hiyo kwanza, hata kabla ya London. Siku yenyewe msitembee kwenda chuoni: ramani inaonyesha karibu, lakini njia ni ya kupanda kilima. Teksi, mapema. Na mwulize mdogo wako leo tiketi za wageni ukumbini ni ngapi kwa kila mhitimu. Vyuo vingi vina kikomo, na ninyi ni watatu.

Kurudi London, jitahidini isiwe Jumapili. Ukarabati wa njia za reli Uingereza hufanywa zaidi wikendi, na treni inayoishia King's Cross siku ya kazi inaweza kuzungushwa njia ndefu au nafasi yake kuchukuliwa na basi. Tarehe za ukarabati hutangazwa kwenye tovuti ya National Rail, zitazame kabla ya kukata tiketi. Usiku ule wa mwisho, kama ndege yenu ni ya jioni, laleni tena palepale King's Cross. Mwombe meneja awawekee sanduku moja kubwa mnapokwenda Leeds, hoteli nyingi huwahifadhia bure wageni wanaorudi. Kama ni ya asubuhi, teremkeni treni mwende moja kwa moja Heathrow mkalale hoteli iliyoungana na jengo lenu la kuondokea. Terminal 4 ina hoteli zenye njia ya kupita chini ya paa hadi ndani, na tiketi yenu itaonyesha ni jengo lipi.